Uzoefu wangu: kuhamisha daftari la asali kwenye kanzidata kwa msaada wa akili mnemba

Nimetumia modeli ya lugha ya kulipia kutengeneza programu ya mapokezi ya asali kwa kikundi cha wafugaji nyuki hapa Tabora. Ni Python (lugha ya kuandikia programu) na SQLite (programu ya kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa kwenye majedwali), kompyuta mpakato moja, na ikishakamilika haihitaji bando. Inafanya kazi vizuri na naipendekeza. Ila ukiiambia tu "nitengenezee kanzidata ya asali", utapewa fomu ya kupendeza yenye hesabu mbovu.

Chukua ndoo. Modeli ilihesabu lita moja kuwa kilo moja, kana kwamba asali ni maji. Lita moja ya asali ina takriban kilo 1.4, kwa hiyo ndoo ya lita 20 ikijaa inakaribia kilo 28. Kwenye ndoo 50 zingepotea kilo 400, na anayeumia ni mfugaji. Nikaondoa lita kabisa: karani anaingiza uzito wa mzani na uzito wa ndoo tupu, programu inatoa uzito wa ndoo. Uzito unatunzwa kwa gramu na fedha kwa shilingi, zote namba kamili. Ukitumia desimali, kompyuta haipati 0.3 kamili hata ikijumlisha 0.1 na 0.2, na vipunje hivyo huvuruga jumla ya msimu.

Kosa la bei ni baya zaidi kwa kuwa siku ya kwanza halionekani. Modeli iliiweka bei kwenye jedwali la bidhaa peke yake. Bei ikipanda Julai, stakabadhi za Juni nazo zinajihesabu upya, na mtu aliyekwisha kulipwa anaonekana bado anadai. Bei ya siku hiyo lazima iandikwe kwenye mstari wa mapokezi yenyewe na ibaki hapo.

Kuhusu kuiagiza modeli: anza na daftari. Nilichapa vichwa vya safu zote kama vilivyo, nikaongeza mistari 10 yenye majina ya kubuni, kisha nikaomba majedwali tu: wanachama, mapokezi, malipo. Majina na simu za kweli usizibandike. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria, watu hawakukupa namba zao uzipeleke huko. Majedwali yakikaa sawa, omba kipande kimoja kimoja. Mazungumzo yakirefuka modeli husahau: leo safu inaitwa mwanachama_id, kesho id_mwanachama, programu inagoma. Kila mazungumzo mapya nayafungua kwa kubandika faili la majedwali.

Namba ya simu iwe maandishi, la sivyo sifuri ya mwanzo inapotea. Tena isiwe kitambulisho cha mwanachama, maana mume na mke huweza kutumia simu moja. Tarehe zihifadhiwe kwa mtindo wa 2025-07-03, kwa sababu modeli huweza kuisoma 03/07 kwa mtindo wa Marekani, ikawa Machi 7.

SQLite yenyewe ina jambo moja ambalo modeli haikulitaja mpaka nilipoiuliza: kwa kawaida hailindi uhusiano kati ya majedwali. Usipoweka PRAGMA foreign_keys = ON kila programu inapofungua kanzidata, unaweza kufuta mwanachama na ndoo zake zikabaki bila mwenyewe. Umeme ukikatika katikati ya kuingiza, SQLite inajirudisha salama, mradi uzito na malipo ya mtu mmoja vimefungwa kwenye muamala mmoja (vyote viandikwe, au kisiandikwe hata kimoja). Nakala ya akiba itolewe kwa amri ya backup. Kunakili faili wakati programu inaandika kunaweza kukupa nakala mbovu.

Kwa majaribio, chukua mistari 30 ya msimu uliopita iliyokwisha kuhesabiwa kwa mkono, pamoja na ile yenye marekebisho ya kalamu nyekundu, kwani hiyo ndiyo inayofichua makosa. Msimu wa kwanza andikeni sehemu zote mbili, na kila jioni karani asome jumla ya daftari na ya kompyuta kabla fedha haijatoka.