Uzoefu wangu na stendi ya mbao niliyotengenezewa kwa kipimo cha vifaa vyangu

Nimeitumia stendi hii kwa miezi saba sasa, karibu kila siku, na naona muda huo unatosha kuieleza kwa uhakika. Kazi yangu ni kutengeneza redio, saa za mezani na vifaa vingine vidogo vya umeme, na vyombo ninavyovitegemea ni vichache: bisibisi 6 zenye vipini vyembamba, plaisi 2 ndogo, kibano kimoja, na biti 20, yaani ncha za bisibisi za kubadilisha, zenye shina la pembe sita. Vilikuja ndani ya kisanduku cha plastiki chenye sifongo. Sifongo ilipolegea na bawaba za kifuniko zilipokatika, nilianza kuvitia vyote katika mfuko wa kitambaa, ambamo biti ziligongana hadi zikaanza kuliwa, na kibano kikapinda ncha moja. Kibano ambacho ncha zake hazikutani hakishiki skrubu ya saa.

Nilimwendea seremala, nikamwomba stendi ya kukaa mezani, ya mbao ngumu, ambamo kila chombo kina tundu lake. Mimi nilitaja mwaloni. Yeye akaukataa, na sababu yake ilikuwa ya haki, kwa kuwa mwaloni una tanini nyingi, kemikali ya asili ya mti, ambayo ikikutana na chuma penye unyevunyevu huacha madoa meusi. Akachagua mtiki, ambao hauvimbi wala kusinyaa sana hali ya hewa inapobadilika. Tulikubaliana juu ya kipande kimoja chenye urefu wa milimita 240, upana wa 90 na unene wa 45, kitakachosimama juu ya miguu miwili mifupi ya mtiki huohuo.

Kosa la kwanza lilitokea katika matundu ya biti, na sehemu yake ilikuwa yangu. Nilimwandikia vipimo kwenye karatasi badala ya kumpelekea vyombo vyenyewe, na kwa biti nikaandika robo inchi, yaani milimita 6.35, kama ilivyo kwenye pakiti. Naye akatoboa matundu ya milimita 6.5, na hakuna biti hata moja iliyoingia. Kipimo cha pakiti hupimwa kutoka ubapa hadi ubapa wa pili. Kutoka pembe hadi pembe, shina hilohilo lina takribani milimita 7.3, na tundu la duara halina budi kuzipisha pembe. Aliniambia kwa upole, "Ndugu yangu, ungeniletea na biti yenyewe," na nilikubali. Matundu yale hayakuweza kupanuliwa vizuri, kwa sababu biti ya kutobolea mbao ina ncha ya katikati, na ncha hiyo haina pa kushika ikiwa mbao imekwisha kutoka, hivyo inayumba na kuchana kingo. Alianza upya kwa kipande kingine bila kunidai nyongeza.

Safari hii alitoboa kwanza matundu matatu kwenye kipande cha taka: milimita 7, 7.5 na 8. Katika 7, biti ilikataa kuingia bila kugongwa. Katika 8 iliingia lakini ikalala upande. Katika 7.5 ilishuka kwa uzito wake, ikasimama, na nikaichomoa kwa vidole viwili bila kuinua ubao. Tuliamua hapohapo. Kina tulikiweka milimita 12, ili biti yenye urefu wa 25 ibakize nusu yake juu, na umbali kutoka kitovu cha tundu hadi kitovu cha linalofuata tukauweka 16, maana kidole kinahitaji nafasi kuliko biti inavyohitaji. Matundu yote yameinamishwa digrii 15 kunielekea mimi niliyeketi, ili nione ncha ni nyota au bapa kabla ya kunyoosha mkono. Jambo ambalo nalishukuru zaidi ni dogo: kila tundu la biti lina kitundu cha milimita 3 kinachotokea chini ya ubao, ambamo vumbi hudondoka badala ya kujazana kitakoni.

Kwa plaisi, mchoro wangu ulionyesha mifuo miwili iliyokatisha upana wa ubao. Seremala aliigeuza ikafuata urefu, kwa sababu ukuta mwembamba uliokatwa kinyume cha nyuzi za mbao hukatika kama biskuti siku plaisi inapoingizwa kwa nguvu. Kuta hizo zina unene wa milimita 8 na hazijapata ufa wowote.

Kosa la pili silipunguzii uzito. Baada ya wiki tatu, mguu wa kulia ulibanduka wenyewe usiku, stendi ikalala ubavu na biti zikatawanyika sakafuni. Mtiki una mafuta ya asili yanayozuia gundi kushika, na anayeufanyia kazi anapaswa kupangusa sehemu ya kuungia kwa asetoni muda mfupi kabla ya kupaka gundi. Hatua hiyo ilirukwa, na fundi wa miaka mingi hakupaswa kuiruka. Alirekebisha siku hiyohiyo: alikwangua gundi ya zamani, akapangusa, akagundisha, akabana kwa jiliwa usiku kucha, kisha akaongeza skrubu mbili kwa kila mguu. Tangu hapo haijatikisika.

Mbao ilipakwa mafuta ya kitani mara tatu, ikipigwa msasa laini katikati, na si vanishi, ambayo ingejikusanya ndani ya matundu na kuyapunguza kipenyo. Ningoje wiki nzima kabla ya kuweka vyombo, ndiyo nasaha niliyopewa. (Aliniambia pia vitambaa vilivyolowa mafuta hayo vianikwe vikiwa vimetandazwa, kwa kuwa vikirundikwa hujipasha joto hadi kuweza kuwaka, sikuwa nikilijua hilo.)

Faida niliyoipata imezidi ile niliyoiombea. Sasa kabla ya kufunga redio naitazama stendi, na tundu lililo wazi linanieleza kitu kiko wapi. Mwezi uliopita nilikuwa nimeshika skrubu ya mwisho ya kifuniko nilipoona tundu la tatu kutoka kushoto halina kitu. Biti ilikuwa imelala ndani ya redio, kando ya transfoma. Katika mfuko wa kitambaa nisingeikumbuka hadi kesho yake.

Upungufu wake ni kwamba haina kifuniko na ni nzito, kwa hiyo nikiitwa kazi ya nje nalazimika kuhamishia vyombo kwenye mfuko uleule wa zamani. Vilevile matundu manne ya akiba niliyoyaomba yote yamekwisha kujaa. Nimemwagiza seremala yuleyule stendi ya pili, ndogo na yenye kifuniko, na vyombo vyenyewe nimemwachia mezani kwake pamoja na mchoro.