Tekken 7 kibandani kwangu Ujiji: wanawake 10, bibi hakuna

Kibanda changu cha gemu ni chumba cha mbele cha nyumba ya mama yangu hapa Ujiji, Kigoma, chumba kile kile alichouzia mawese miaka mingi, na siku za jua kali harufu bado inatoka ukutani. Televisheni moja, mashine moja ya gemu, PS4, niliyoinunua mkononi kwa mtu, pedi mbili, mabenchi mawili. Pambano shilingi 200. Mama yangu, ambaye wateja wote wanamwita Bibi, anakaa mlangoni na ungo wake akichambua mchele au dagaa, na mtoto asiyemwamkia hapiti.

Diski ya Tekken 7, gemu ya mapigano ya mmoja kwa mmoja, niliiagiza Dar es Salaam, iliyotumika, kwa shilingi 40,000. Ilikuja na basi, imeviringishwa gazeti ndani ya boksi la viatu. Nimekaa nayo miezi mitano sasa. Nawaandikia wenye vibanda wenzangu, hasa mnaoniuliza kama inafaa kwa wateja wa kike, maana hilo ndilo lililonifanya niinunue.

Kabla yake nilikuwa na mpira tu, EA Sports FC 24. Sina ugomvi nayo, ndiyo inayonilipia umeme. Wanawake wamo humo, na wamo kwa heshima: Alexia Putellas wa Barcelona ya wanawake ana alama 91 za ubora, sawasawa na Haaland na Mbappé, na binti yangu Zena alipoliona hilo alilitangaza mtaa mzima kama posa. Lakini mechi ya kawaida, ya watu wawili benchi moja bila intaneti, timu ya wanawake inakutana na timu ya wanawake tu. Kuwachanganya na wanaume kunataka ile sehemu ya kujenga kikosi mtandaoni, mtandaoni ni bando, na bando linatoka mfukoni kwangu. Kwa hiyo msichana akitaka kuchezesha Barcelona ya kina Asisat Oshoala, lazima kwanza ambembeleze mvulana aliyeshika pedi ya pili achague timu ya wanawake naye. Hawakubali. "Shangazi, mimi nimelipia Madrid." Wasichana wakabaki benchi la nyuma wanatafuna miwa.

Tekken haina mambo ya ligi hii na ligi ile. Ukurasa wa kuchagua ni mmoja, kila mtu anakutana na kila mtu, na mzigo wa teke ni ule ule. Siku ya kwanza nilichukua kalamu nikahesabu. Ukiacha wale wa kununuliwa kwa nyongeza, wapiganaji ni 36. Wanawake 10. Yupo pia panda, naye ni jike, na anashinda vizuri tu. Halafu yupo Leo, ambaye watengenezaji walimchora makusudi usijue ni wa kike au wa kiume. Hapa kibandani kesi yake inasikilizwa kila Jumamosi na haijapata hukumu.

Kumi katika 36 ni kidogo, sikatai. Ila mimi natokea mbali. Street Fighter II ya mwaka 1991 ilikupa wapiganaji wanane wa kuchagua, na mwanamke alikuwa Chun-Li peke yake. Mortal Kombat ya 1992 ilikuwa na saba, na Sonya peke yake. Tekken 3, ambayo kaka yangu alikuwa nayo kwenye PlayStation ya kwanza kule Mwanga, Kigoma mjini, ilikuwa inaanza na wapiganaji 10, wanawake wawili, Nina na Xiaoyu. Tuliokuwa wasichana kipindi hicho tulikuwa tunapokezana hao wawili kama ndoo moja bombani.

Sasa kwa biashara. Wasichana walikuja. Walikuja kwa sababu ya mtu mmoja, Katarina, Mbrazili wa mateke. Katarina hahitaji shule. Unabonyeza vitufe vya mateke mfululizo, naye anamimina mateke mfululizo, na mvulana aliyekuwa anajisifu tangu asubuhi yuko chini anauliza pedi yake ina nini. Wiki ya pili nilikuwa na wateja wa kike sita wa kudumu wakitoka shule. Baadaye wawili wakamchoka, wakahamia kwa Josie wa Ufilipino, mmoja akahamia kwa Master Raven, mwanamke mweusi wa nywele nyeupe anayetokea nyuma yako ukidhani yuko mbele. Huyo anapendwa sana hapa. Akichaguliwa, benchi zima linasema "dada yetu huyo".

Mavazi ni habari nyingine. Lucky Chloe anavaa masikio ya paka, Lili sketi ya kupepea, na katika nguo za kubadilisha kuna ambazo Bibi alipoziona aliweka ungo chini akasema, "Mwambieni ajitande." Nashukuru gemu ina sehemu ya kuwavisha upya. Unapigana, unapata fedha ya ndani ya gemu, unanunua suruali, koti, kofia, miwani. Wasichana wangu wanamaliza nusu saa kwenye kuvisha, na nimelazimika kuitoza bei yake, maana mapambano yanasimama na mimi nakaa kama mlinzi wa duka la nguo.

Mabaya ya kiufundi nayataja haraka. Kwenye PS4 inachelewa mno kufunguka kati ya pambano na pambano. Mteja anayelipia saa nzima analalamika, na ana haki. Haimfundishi mgeni: inakupa orodha ndefu ya mapigo ukajisomee mwenyewe. Kuna sehemu ya hadithi, ya mtu mmoja, ambayo haiingizi hela lakini nyumbani usiku tuliitazama yote, na hapo ndipo nilipopata la kusema.

Nianze na Nina, yule yule wa Tekken 3, na humu bado yumo. Jina lake kwanza linatutesa, mtoto akisema "nina Nina" mgeni anangoja sentensi iishe. Bibi ndiye aliyelisikia tofauti. Kwa Kiswahili alichokulia yeye, nina ni mama mzazi. "Kumbe ndiye nina yao," akasema, akamtazama kwenye kioo cha televisheni, nywele za dhahabu, kiuno cha nyigu. "Mbona kigoli?"

Swali zuri kuliko alivyojua. Wakati ule wa Mwanga, mimi na Nina tulikuwa rika, miaka ishirini na kidogo. Leo nina miaka 46, magoti yanalia nikipanda kutoka Kibirizi ziwani, na Nina ni yule yule. Na gemu inayo sababu yake. Kati ya Tekken 2 na Tekken 3 hadithi inaruka karibu miaka 20. Paul, mpiganaji wa tangu mwanzo, akawa mtu mzima. Heihachi akawa babu. Nina na mdogo wake Anna, hao wakalazwa usingizi wa baridi, wakagandishwa kama samaki wa migebuka kwenye friza, wakaamka wasichana wale wale. Yaani mwandishi alikaa, akafikiri namna ya kuupitisha muda mrefu hivyo, wanaume akawaacha waishi, wanawake akawatia barafuni. Tena akiwa amelala humo, wataalamu wakachukua yai lake wakatengeneza mtoto, Steve Fox, bondia. Kwa hiyo Bibi hakukosea, ni nina kweli. Ila ni nina aliyezaa bila kujua na bila kuzeeka.

Nikaanza kuwatafuta mama wengine. Kazumi yumo kwenye ukurasa wa kuchagua, mke wa Heihachi, mama wa Kazuya. Ukicheza ile njia ya kumaliza maadui mmoja mmoja, yeye ndiye wa mwisho, na watoto wanamwogopa kuliko mwanaume yeyote humo ndani. Anaita chui milia kutoka hewani, wamempa jina Mama Chui. Nguvu anazo. Lakini kwenye hadithi alishakufa zamani. Heihachi anamtupa mwanawe wa miaka mitano korongoni, na Bibi akauliza, kama mtu yeyote mwenye akili angeuliza, "Mama yake alikuwa wapi?"

"Alishauawa, Bibi."

"Na nani?"

"Na huyo huyo baba."

Bibi akasema "haya", ile haya ya kufunga dirisha.

Jun, mama wa Jin, yule mwana wa Kazuya, hayumo kabisa katika toleo hili. Alipigana Tekken 2 mwaka 1995, akapotea kwenye hadithi kabla ya Tekken 3, mwanawe akalelewa na kisasi. Wamemrudisha kwenye Tekken 8, Januari 2024, inayotaka PS5, na PS5 kwangu ni hadithi ya mjini. Nimemwona kwenye simu. Mwanawe ni jitu la mabega, mama anaonekana kama aliyemaliza kidato cha sita.

Babu, kwa upande wao, hawana shida. Heihachi yumo humu na upara wake na mvi zake, amepita miaka 70, anapiga watu vichwa. Matoleo ya zamani yalikuwa hata na Wang Jinrei, mzee wa ndevu nyeupe aliyepindukia huyo. Bibi hakuna. Sisemi mwanamke wa miaka 70. Nitafutieni wa miaka 50 mwenye kakunyanzi kamoja pembeni ya jicho. Na nani aniambie bibi hapigani. Nimekulia Ujiji, nimeona wanawake wa umri huo wakigombea ndoo za dagaa alfajiri mitumbwi inapotia nanga, kuna viwiko pale ambavyo Nina angejifunza.

Mtoto wa dada yangu, anayejua gemu zote duniani na hesabu hajui, akaniambia yupo mmoja. Jina lake ni Ana, wa Overwatch, gemu ya bunduki. Mmisri, miaka 60 hivi, jicho moja limekwenda, nywele nyeupe kweli kweli, tangu mwaka 2016. Ana bunduki ambayo ikimpiga adui inaumiza na ikimpiga mwenzake inamponya, na binti yake mtu mzima naye ni mpiganaji humo humo. Nilifurahi kama niliyeambiwa ndugu yangu yuko hai. Toleo la sasa linatolewa bure, nikaanza kulipakua usiku, saa bando ni la bei nafuu. Asubuhi bando limekwisha, gemu haijafika nusu, na mpwa ndipo anapokumbuka kuniambia kwamba hata ikifika haichezeki bila intaneti, dakika moja haichezeki. Basi bibi mmoja tuliyempata anaishi mtandaoni, na sisi huku tunaishi kwa diski.

Kwa mwenye kibanda, nunueni. Zile shilingi 40,000 zimerudi ndani ya wiki tatu, na wasichana wamebaki. Tafuteni pedi ya akiba mapema. Kitufe cha duara kwangu kimekufa kwa mateke ya Katarina, na fundi aliniambia hajawahi kuona kimoja kimechakaa hivyo na vingine vizima. Nyota ningeipa tatu katika tano. Mbili nimezuia, moja ya kuchelewa kufunguka, nyingine Bibi ndiye kaizuia.

Wiki iliyopita Zena alikaa muda mrefu kwenye sehemu ya kuvisha, mpaka nikamkumbusha bei. Akasema, "Mama, subiri." Amemchukua Nina, nywele kazigeuza nyeupe, kamtafutia miwani, kamvisha koti refu. Akamwita Bibi aje aone mwenzake. Bibi akaja taratibu, akasimama na ungo kiunoni. Kwenye kioo Nina mwenye mvi akapigwa, akaanguka chali, akajirusha akasimama.

"Mvi kapaka huyo," Bibi akasema. "Mtu mzima akidondoka hainuki hivyo."

"Mbona Heihachi anainuka hivyo hivyo, Bibi? Na ni babu."

Bibi akanyamaza kidogo. Akatazama benchi, wavulana wakasogea bila kuambiwa.

"Yuko wapi huyo babu," akasema akikaa, ungo akaupachika kwenye mapaja yangu. "Mleteni, wapigane."