Kumpotezea au kumwambia laivu? Koneksheni wa kazi akianza kukutongoza

Wadada wa utalii hapa Arusha mnalijua hili, unabadilishana namba na mtu kwenye maonyesho, yeye ana kampuni kubwa wewe ndo unaanza, wiki ya pili mambo ya kazi yameisha zimebaki "umekula mrembo?" saa tano usiku.

Wengi tunampotezea. Unajibu za kazi, zile nyingine unaziacha na tiki zake za bluu. Haugombani na mtu, na mji wenyewe huu mdogo, kesho mnakutana geti la Ngorongoro. Ila kuna wanaume ukimya wanausoma kama "anaringa tu huyu, atakubali", wangu aliendelea miezi mitatu mpaka akaja ofisini na maua, mikono ikanitetemeka mbele ya wageni.

Kumwambia laivu kunauma dakika mbili. Wa pili nilimwandikia: "Kaka, nakuheshimu, naomba tubaki kwenye kazi tu, hayo mengine sina nia." Bila emoji, na bila "kwa sasa", maana hiyo "kwa sasa" ni mlango umeuacha wazi. Alinuna, akanipunguzia kazi, hasara ipo sikudanganyi, lakini usiku nililala.

Mimi nachagua kusema, mara moja tu. Akiendelea mbloku, na kama mmeunganishwa LinkedIn, ule mtandao wa watu wa kazi, mbloku huko pia, haimpi taarifa. Meseji usifute, piga skrinshoti, maana Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 iliufanya unyanyasaji wa namna hiyo kuwa kosa la jinai.