Bunduki ya nyati niliyotengenezewa na fundi: risasi mia na themanini baadaye

Nimekabidhiwa bunduki yangu baada ya kusubiri mwaka na ushee na tayari nishaipiga risasi mia na themanini, kwa hiyo naona sasa naweza kuisema bila kubahatisha. Ni .375 H&H (namba ni kipenyo cha risasi kwa inchi) kwenye mashine, yaani sehemu ya chuma yenye bolti, ya aina ya Mauser 98, mtutu wa sentimita 56, kitako cha mbao ya jozi, magazini inabeba nne.

Kwa nini .375 wakati fundi mwenyewe alikuwa ananisukumia .416 Rigby, iliyo kubwa zaidi? Zote ni risasi za zamani, ya Rigby ni ya 1911 na hii ya 1912, na zote zinaangusha nyati vizuri tu. Ila .375 inarusha risasi ya gramu 19 na kitu kwa kasi ya karibu mita 760 kwa sekunde na teke lake begani nalivumilia, nikipiga ya kwanza bado niko kwenye shabaha kwa ya pili. Halafu nchi nyingi za Afrika zimeweka .375 ndo kiwango cha chini kwa wanyama hatari, basi hapo uko ndani ya sheria. Mtu anayefumba macho kabla ya kubana traiga, hata umpe kubwa kiasi gani atamjeruhi mnyama tu, na nyati aliyejeruhiwa akaingia kichakani ni kazi ambayo simwombei mtu.

Kitu nilichokitaka kuliko vyote ni risasi kuingia chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu inapolipukia, kila ninapokoki, kila mara, bila kukwama. Mashine ya Mauser ina ukucha mrefu pembeni ya bolti, kile chuma unachokivuta na kukisukuma ukikoki, risasi ikitoka tu kwenye magazini ukucha unaidaka kwenye ukingo wake wa nyuma na kuiongoza mpaka chemba, haiachiwi ielee. Ukikoki nusunusu kwa kiwewe ukarudisha bolti, inatoka nayo, haikuachii ile ya kwanza ndani huku ya pili inaisukuma kwa nyuma.

Na hapohapo ndo fundi aliniangusha. Siku ya kwanza risasi laini, zile zinazochanua zikiingia mwilini, ziliingia kama zimepakwa mafuta, nikafurahi, nikaweka solidi, yaani risasi ngumu zisizochanua, zenye pua bapa, ya tatu ikagonga ukingo wa chemba ikasimama. Nikarudia, ikasimama tena. Nikatoa ile risasi nikaiangalia, puani ina kovu dogo la kung'aa, palepale ilipogonga. Nilipomuuliza akasema aliijaribu kwa risasi laini peke yake. Jamani, bunduki ya nyati! Watu wengi tunaweka laini ya kwanza na zinazofuata zote solidi, kwa sababu solidi haichanui, inapenya moja kwa moja hata mnyama akiwa amekupa mgongo. Kama zinakwama solidi basi zimekwama zile utakazozihitaji mambo yakishaharibika. Akairudisha, akaipanua na kuisugua njia ya kupandia risasi, wiki tatu, hakunidai kitu. Tangu hapo haijakwama hata mara moja, nimekoki taratibu, nimekoki kwa fujo, nimeigeuza juu chini, zinaingia.

Mengine amefanya vizuri sana, nampa haki yake. Kitako amekipima kwenye mwili wangu, nafumba macho naipandisha begani nafumbua na ushanga mweupe wa kulengea wa mbele uko katikati ya V ya nyuma, sihitaji kuhangaika na shingo. Sefti ni ya hatua tatu na inafunga pini yenyewe inayogonga risasi, sio traiga tu. Darubini ni ndogo, ukuzaji wake unaanzia mara moja (1x), na inatoka kwa vishikizo viwili bila spana. Pete ya mkanda kaifunga kwenye mtutu badala ya kwenye mbao, wanaojua wanajua, ikiwa kwenye mbao siku ya teke inachana kidole.

Uzito na darubini ni kilo 4 na nusu, begani siku nzima unausikia, lakini siupunguzi.

Kama mnampa fundi kazi ya namna hii, mpelekeeni risasi zenyewe mtakazotumia porini, aina zote, na mwambieni ajaze magazini mbele yenu aimalize yote kabla hamjachukua mzigo. Mimi ningefanya hivyo ningeokoa wiki tatu.