Uzoefu wangu: kuchangia msimbo wa AnkiDroid

Nimeanza kama mtumiaji tu. AnkiDroid ni programu ya simu ya kusomea kwa kadi: swali upande huu, jibu upande ule, nayo inakurudishia kila kadi ukikaribia kuisahau. Ni ya bure, haina matangazo, na msimbo wake uko wazi chini ya leseni ya GPL toleo la 3, inayomruhusu yeyote kuutumia na kuubadilisha. Kuitumia kwanza kulinifaa kuliko ujuzi wangu wote wa Kotlin, lugha ya programu inayotumika humo, maana nilishajua msomaji anakwamia wapi.

Kwa mtengenezaji programu anayetafuta mradi huria wa kuchangia, naipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja naibana kwa sababu ya ugumu wa kuingia. Msimbo ulianza kwa Java ukahamishiwa Kotlin, lakini hesabu za kupanga ratiba ya kadi ziko kwenye lugha nyingine, Rust, ndani ya kiini kilekile cha Anki, programu mama ya kompyuta aliyoianzisha Damien Elmes mwaka 2006. Mgeni anaweza kuzitafuta kwenye Kotlin wee, kumbe haziko huko. Anza na skrini: kitufe ambacho kisomaji cha wasioona hakikitaji, au maandishi yanayokatika mtu akikuza herufi. Mimi nilianzia huko.

Utamu wenyewe uko kwenye ukaguzi. Kabla mtu hajaitazama kazi yako, mashine inaijenga programu na kuendesha majaribio, na hata mpangilio mbaya wa mistari unaweza kukurudisha nyuma. (Inakera. Lakini afadhali kukosolewa na mashine kuliko na mtu.) Halafu wanakuja wakaguzi na maswali yao. Mtumiaji akigeuza simu katikati ya kuandika kadi, maandishi yanabaki? Kwenye tableti je? Na kwa lugha zinazoandikwa kutoka kulia kwenda kushoto? Kozi nilizosoma zilinifundisha kuandika programu ifanye kazi. Maswali haya yamenifundisha kuwaza inavyoharibika mkononi mwa mtu.

Mchango wako uwe mdogo. Mabadiliko ya faili mbili yanakaguliwa kwa urahisi; ukirundika mambo matano pamoja, unamchosha mtu anayejitolea muda wake.

Na kama huandiki msimbo, unaweza kutafsiri: kazi hiyo hufanyika Crowdin, tovuti ya kutafsiria programu, si kwenye faili za mradi. Hata watengenezaji hawazihariri tafsiri hizo kwa mkono.