Frame.io kwa wanafunzi wa filamu: hodari kwa fremu, si kwa hadithi

Wanafunzi wengi wa uhariri huwatumia wenzao filamu kwenye kundi la WhatsApp, na hapo ndipo maoni yanapoharibika. Video hubanwa hadi nyuso za shoti za usiku zinapotea, kisha mtu anaandika, "Pale anapoingia mlangoni pamechelewa." Mlango upi, na filamu ina milango minne?

Frame.io, huduma ya mtandaoni ya kuonyesha video na kukusanya maoni, iliyonunuliwa na Adobe mwaka 2021, inalimaliza tatizo hilo. Kila maoni yanashikamana na fremu yake, yaani picha moja kati ya zile zinazounda video, na mtazamaji anaweza kuchora juu ya picha. Akiizungushia duara maikrofoni iliyochungulia kwenye kona, hakuna ubishi tena. Anayetumiwa kiungo halipi chochote.

Mpango wa bure unatoa nafasi ya GB 2. Filamu ya dakika 10 yenye ukubwa wa picha wa 1080p, ikibanwa kwa H.264 (mfumo wa kubana video) kwa Mbps 5, yaani megabiti 5 kwa kila sekunde, inafika kama MB 385, kwa hiyo yanaingia matoleo matano tu. Shuka hadi 720p na Mbps 2.5: inakuwa karibu nusu ya hapo, inatosha kabisa kuhukumu uhariri, na bando la wenzako linapona. Taimukodi (namba za saa, dakika, sekunde na fremu) iandike juu ya picha, na idadi ya fremu kwa sekunde iwe ile ile ya mradi. Mradi wa fremu 25 ukitolewa kwa 24, maoni hayaangukii tena pale pale.

Udhaifu wa huduma hii unatokana na uzuri wake. Kisanduku cha maoni kikiwa wazi muda wote, watu wanasimamisha video kila baada ya sekunde chache. Utapata lundo la "punguza fremu tano hapa", na asipatikane hata mmoja wa kukwambia kwamba hakuelewa kwa nini dada aliondoka nyumbani. Kwa hiyo fanya raundi mbili. Katika ya kwanza, zima maoni kwenye kiungo, waombe watazame mwanzo hadi mwisho bila kusimamisha, kisha wajibu maswali matatu: hadithi inahusu nini, ulichoka wapi, ulipotea wapi? Watafute angalau wawili ambao hawajasoma muswada. Aliyekuwepo siku za kurekodi hujaza mapengo kichwani mwake bila kujua.

Wengi wakigusa sehemu moja, amini kwamba tatizo lipo, ila usikimbilie dawa wanayopendekeza. Watatu wakisema onyesho la dakika ya 6 ni refu, kabla ya kulikata rudi dakika ya 2. Mara nyingi huko ndiko kulikoondolewa sentensi muhimu, tuseme ile inayotaja deni linalogombaniwa baadaye, basi mtazamaji anafika dakika ya 6 hana anachokisubiri. Ukipunguza tu, utabaki na onyesho fupi linalochosha vile vile.

Raundi ya pili ndiyo ya kufungua maoni. Rekebisha kuanzia mwisho wa filamu kurudi mwanzo. Ukianza mwanzoni na kuondoa sekunde 10, maoni yote yanayofuata yatakuwa yameachana na picha kwa sekunde 10. Wakisema "sauti inaruka", usiguse kwanza kiwango cha sauti. Kawaida ni mvumo wa chumba unaotofautiana kati ya shoti mbili: iache sauti ya shoti moja iingie chini ya nyingine kwa fremu 6 hadi 12, au tandika chini sauti tupu ya chumba hicho iliyorekodiwa siku ile ile.

Toleo jipya liburute juu ya la zamani. Yatapangana, na unaweza kuyatazama bega kwa bega. Usiweke alama ya "imekamilika" kwenye maoni kabla hujatazama kuanzia nusu dakika kabla ya mkato uliourekebisha, maana mkato unaopendeza peke yake huweza kuvunja mwendo wa onyesho.

Kwa filamu fupi yenye mhariri mmoja, mpango wa bure unatosha. Mwenye usajili wa Premiere Pro asilipe zaidi: Frame.io imo ndani yake, na maoni anayasoma humo humo kwenye programu ya kuhariria.