Kishikilia filamu kimeniharibia skana nzima

Skana yenyewe haina neno. Kilichonichefua ni kile kishikilia filamu cha plastiki, laini kama kifuniko cha ndoo. Filamu ya milimita 35 iliyojikunja hubinuka katikati ya fremu, na kwa kuwa lenzi ya skana hii ya bapa haisogei kurekebisha fokasi, kingo zinatoka kali, katikati ukungu. Halafu boksi linajisifu nukta 6400 kwa inchi! Yangu ikipita 2400 faili linanenepa tu, chembe za filamu haziongezeki hata moja.

Nimeihangaikia hivi: vipande vya kadi chini ya miguu ya kishikilia, napandisha nusu milimita, naskani fremu ileile, kisha nazikuza zote asilimia 100 na kuangalia chembe, si sura ya mtu. Ukali ulitulia filamu ilipokuwa milimita 1 juu ya pale kiwanda kilipoiweka. Milimita nzima! Filamu inayojikunja ilaze kwanza chini ya vitabu vizito siku kadhaa. Usiilaze juu ya kioo kitupu. Upande unaong'aa ukigusa kioo hutokea mapete ya rangi, na kuyafuta ni kazi ya kukesha.

Kufuta vumbi kwa infraredi (mwanga usioonekana kwa macho, unaoipa programu ramani ya vumbi) ni kuzuri kwa negativu za rangi. Kwa nyeusi na nyeupe za kawaida zima kabisa: fedha iliyo kwenye filamu huizuia infraredi kama vumbi linavyoizuia, basi programu "inasafisha" picha yenyewe.

Kompyuta? Fremu ya 35 kwa nukta 4000, biti 16 kila rangi, ni kama MB 128. Nakili tabaka tatu kwenye programu ya kuhariri picha, umevuka MB 500. RAM ya GB 16 ndiyo ya kuanzia, na pesa iende kwenye SSD kabla ya prosesa. Biti 8 usiguse: ukiondoa ule utando wa chungwa wa negativu, bluu inavutwa mno na anga linakatika mistari.

Nilishaandika "msinunue". Kisha nikaweka filamu ya 120, ile pana kuliko ya 35, fremu ya mraba, nukta 2400 tu: zaidi ya pikseli 5000 kila upande, safi. Basi wa 120 nunueni. Wa 35, hapana... labda mkiongeza kishikilia chenye kioo kisicholeta mapete, kile kinachouzwa kando. Kama kipo, kwa nini hawakukitia ndani ya boksi?